Kutoka Darubini hadi Hadubini: Maisha ya Alexander Chizhevsky, Mtafiti wa Jua na Damu

Utangulizi

Tangu jadi, watu wa pwani ya Afrika Mashariki wamezitazama nyota kwa nia mbili. Nahodha alizisoma ili ajue njia na majira ya kusafiria. Mnajimu alizisoma nyota hizo hizo ili aijue bahati ya mtu, siku njema ya kuoa na siku mbaya ya kuondoka. Anga ilikuwa moja lakini maswali yalikuwa mawili. Jibu la nahodha lilipimwa na bahari, kwani aliyekosea hesabu alipotea. Jibu la mnajimu halikuwa na bahari ya kulipima. Likitimia alisifiwa, na lisipotimia udhuru haukukosekana.

Makala haya yanasimulia maisha ya mtu aliyesimama katikati ya nia hizo mbili. Alexander Leonidovich Chizhevsky alikuwa mwanasayansi, mshairi na mchoraji wa Urusi. Swali lililomshughulisha umri wake wote ni hili: je, misukosuko inayotokea juani huifikia miili ya viumbe hapa duniani, na ikiwa huifikia, huifanya nini? Swali hilo lilimpa sifa, kisha likachangia kumtia kifungoni. Hoja yetu ni kwamba swali lenyewe lilikuwa la haki, kwamba jibu lake la kwanza lilikuwa kubwa kuliko ushahidi aliokuwa nao, na kwamba mateso aliyoyapata, japo yalikuwa dhuluma tupu, hayawezi kugeuzwa kuwa ushahidi wa kulitetea jibu hilo.

Kuzaliwa, Malezi na Masomo

Chizhevsky alizaliwa mwezi wa Februari mwaka wa 1897 katika mji wa Ciechanowiec, ambao wakati huo ulikuwa chini ya milki ya Urusi na leo umo nchini Poland. Baba yake, Leonid, alikuwa afisa wa kikosi cha mizinga. Mama yake, Nadezhda, alifariki kutokana na kifua kikuu Alexander angali mtoto mdogo kabisa, na malezi yake yakachukuliwa na shangazi yake, Olga, ambaye alimpenda na kumheshimu kama mama mzazi. Katika nyumba hiyo ya kijeshi alifunzwa lugha za kigeni, muziki na uchoraji. Malezi hayo yanatusaidia kuelewa kwa nini, katika maisha yake yote, sayansi na sanaa hazikutengana.

Mnamo 1913 baba yake alihamishiwa Kaluga, mji mdogo ulioko kusini-magharibi mwa Moscow. Mwaka uliofuata kijana huyo alikutana na mwalimu wa shule aliyekuwa na matatizo ya kusikia, ambaye wengi mjini walimwona kama mtu wa ndoto tupu. Mwalimu huyo alikuwa Konstantin Tsiolkovsky, ambaye hesabu zake za safari za roketi leo zinatambuliwa kuwa miongoni mwa misingi ya safari za anga za juu. Licha ya tofauti ya miaka 40 baina yao, wawili hao wakawa marafiki wa dhati. Kwa Tsiolkovsky, Chizhevsky alijifunza kuiona dunia kama chombo kidogo kinachoelea katika bahari kuu, wala si kama nyumba iliyofungwa milango. Hata naye alimlipa mwalimu wake fadhila. Mnamo 1924 alisaidia kuchapishwa upya kwa kazi ya Tsiolkovsky ya mwaka wa 1903 na kuiandikia dibaji kwa Kijerumani, ili wataalamu wa nje wajue nani aliyetangulia kuzikokotoa hesabu hizo.

Wanafunzi wa fasihi watavutiwa kujua kwamba mtu huyu hakuanzia katika maabara. Mwaka wa 1915 alijiunga na Taasisi ya Akiolojia ya Moscow, na mnamo 1917 aliandika tasnifu kuhusu ushairi wa Kirusi wa karne ya 18. Katika miaka hiyo hiyo alichapisha mashairi yake mwenyewe mjini Kaluga. Baina ya masomo alikwenda vitani Galicia kwa hiari yake na kutunukiwa nishani ya ushujaa. Alikuwa basi mshairi na mwanahistoria aliyeuona mto wa damu kwa macho yake, kabla ya kuwa mtafiti wa damu kwa hadubini.

Madoa ya Jua na Mkondo wa Historia

Mnamo 1915, Chizhevsky alianza kulichunguza jua kwa darubini na kuyachora madoa yaliyoonekana usoni mwake. Madoa ya jua ni sehemu ambazo nguvu za sumaku ni kubwa mno kiasi cha kuzuia joto la ndani lisipande juu kwa urahisi; hivyo huonekana nyeusi kwa kuwa zina joto dogo kuliko sehemu zinazozizunguka. Mjerumani Heinrich Schwabe alikwisha kuonyesha, mnamo 1843, kwamba idadi ya madoa hayo hupanda na kushuka kwa mzunguko maalumu, ambao leo tunajua una wastani wa miaka 11. Madoa yanapokuwa mengi, milipuko ya juani nayo huongezeka, na dira za sumaku hapa duniani huonekana zikitikisika.

Kijana huyo aliona kitu kingine. Madoa makubwa yalipokuwa yakipita katikati ya uso wa jua, habari za vita, kwa maoni yake, zilizidi ukali. Akajiuliza iwapo dira peke yake ndiyo inayotikisika, au hata mishipa ya fahamu ya binadamu. Mnamo 1918 aliwasilisha tasnifu kuhusu mizunguko katika historia ya ulimwengu, na mnamo 1924, akiwa na umri wa miaka 27, alichapisha mjini Kaluga kitabu kifupi kuhusu nguvu za kimaumbile zinazouathiri mkondo wa historia. Humo alikusanya vita, mapinduzi, maasi na mahamio ya watu kutoka nchi nyingi, tangu karne ya 5 kabla ya Kristo hadi zama zake. Aliigawa miaka 11 ya mzunguko katika vipindi vinne, na kudai kwamba takriban asilimia 80 ya matukio makuu yaliangukia ile miaka mitano ambayo jua huwa limechachamaa zaidi.

Ni haki tumtetee pale anapostahili kutetewa. Hakudai kwamba jua linaanzisha mapinduzi. Alidai kwamba jua huongeza wepesi wa kusisimka katika miili ya watu, na kwamba kinachofanywa na msisimko huo hutegemea siasa, uchumi na mazingira ya jamii husika.

Hata hivyo, yafaa dai hilo lipimwe, na twaweza kulipima kwa historia yetu wenyewe. Vita vya Maji Maji vilizuka Tanganyika mwezi wa Julai 1905, na kilele cha mzunguko wa jua kilifikiwa mapema mwaka wa 1906. Hapo dai linaelekea kusimama. Lakini nchini Kenya Hali ya Hatari ilitangazwa mwezi wa Oktoba 1952, wakati madoa ya jua yalikuwa yakipungua kuelekea kiwango cha chini kabisa cha mwaka wa 1954. Vita Vikuu vya Kwanza navyo vilianza 1914, mara tu baada ya jua kutulia sana mwaka wa 1913, ilhali Mapinduzi ya Urusi yalitukia 1917, jua likiwa kileleni. Tukiichagua mifano miwili kati ya hiyo minne, tunamthibitisha Chizhevsky. Tukiichagua miwili mingine, tunamkanusha. Tena, anayetaka kuelewa Maji Maji hana budi kuyataja mashamba ya pamba ya kulazimishwa na kodi, na anayetaka kuelewa mapambano ya Kenya hana budi kuitaja ardhi. Baada ya kuyataja hayo, jua halina kazi kubwa lililobakishiwa.

Hapa ndipo ulipo udhaifu wa kitabu cha 1924. Aliyeamua lipi ni tukio kuu na lipi si kuu ni mwandishi mwenyewe, aliyekuwa tayari anajua anachokitafuta. Isitoshe, mambo mawili kupanda na kushuka pamoja si dalili tosha kwamba moja ndilo linalolisababisha jingine. Bahari ya kulipima jibu haikuwepo.

Hewa, Wanyama na Vimelea

Kwa bahati njema, Chizhevsky hakukomea kwenye vitabu vya historia. Ikiwa jua linaigusa miili, alifikiri, basi lazima kuwe na njia ya mguso huo, na njia aliyoishuku kwanza ilikuwa umeme wa hewani. Atomi au molekuli inapopoteza au kupokea elektroni, huwa ayoni, yaani chembe yenye chaji ya umeme. Kuanzia mwaka wa 1919, katika nyumba ya familia mjini Kaluga, aliwafuga panya na kuwavutisha hewa iliyotiwa ayoni hasi au chanya, huku baba na shangazi wakimsaidia kuwatunza. Fedha zilipokosekana alichora picha na kuziuza ili anunue vifaa. Matokeo yalimwonyesha kwamba ayoni hasi ziliwafaa wanyama, na ayoni chanya ziliwadhuru.

Kuanzia 1924 alifanya kazi Moscow katika maabara ya Vladimir Durov, mfunza-wanyama mashuhuri, ambako aliendelea na majaribio hayo. Mnamo 1931 serikali ya Kisovieti iliipongeza kazi yake na kumkabidhi maabara maalumu ya utafiti wa ayoni, iliyojaribu mbinu hiyo hasa kwa kuku. Kutokana na utafiti huo kilitokea kifaa cha kuning'inizwa darini mithili ya thurea, ambacho hadi leo huuzwa kwa jina lake. Yatupasa kusema kwamba wengi wa wauzaji wa leo huahidi mengi kupita yaliyothibitishwa, kwa sababu majaribio ya baadaye kuhusu ayoni na afya yametoa matokeo yanayogongana.

Katika miaka hiyo ya 1930, akishirikiana na daktari Velkhover wa Kazan, aliripoti kwamba bakteria wa aina fulani walibadilisha namna ya kupokea rangi za maabara siku chache kabla ya misukosuko ya jua. Mnamo 1938 kitabu chake kuhusu maradhi ya mlipuko na hali ya sumaku-umeme ya mazingira kilichapishwa mjini Paris. Septemba 1939, kongamano la kimataifa la biofizikia lililofanyika New York lilimchagua, bila yeye kuwepo, kuwa miongoni mwa marais wake wa heshima. Nje ya nchi alikuwa mtu wa kusifiwa. Nyumbani mambo yalikuwa yamekwisha kugeuka. Maabara yake ilikuwa imefungwa tangu 1936, na wapinzani walikuwa wakiishambulia kazi yake na uaminifu wake.

Kukamatwa na Kifungo

Ni vyema tutofautishe aina mbili za upinzani alioupata. Walikuwapo waliosema kwamba hesabu zake hazitoshi, na hao walikuwa na haki ya kusema hivyo. Lakini walikuwapo pia waliosema kwamba nadharia yake haikubaliki kwa sababu haipatani na itikadi ya chama. Kwa mujibu wa itikadi hiyo, historia husukumwa na mapambano ya matabaka. Mapinduzi ya mwaka wa 1917 yalikuwa matunda ya wafanyakazi na uongozi wao. Mtu aliyedai kwamba jua nalo lilikuwa na mkono katika jambo hilo alionekana kuwanyang'anya wenye mamlaka utukufu wao. Upinzani wa kwanza ni wa kisayansi kwa maana unaweza kujibiwa kwa ushahidi zaidi. Wa pili haujibiki kwa ushahidi wowote.

Vita vilipofika Urusi mnamo 1941, Chizhevsky alihamia Chelyabinsk pamoja na wengine waliokimbizwa. Huko ndiko alikokamatwa mwezi wa Januari 1942, kwa shtaka la uchochezi dhidi ya dola ya Kisovieti, akahukumiwa miaka minane. Alipelekwa kwanza Ivdel, katika baridi ya milima ya Ural, na baadaye katika kambi za Karaganda, kwenye mbuga kavu za Kazakhstan. Alipokamatwa alikuwa na umri wa miaka 44. Mtu aliyeulizia safari ya chembe kutoka juani hadi mwilini sasa hakuwa na ruhusa ya kuvuka ua wa seng'enge.

Damu Chini ya Hadubini

Hata hivyo, kipindi hiki cha uchache wa kila kitu ndicho kilichozaa kazi yake yenye uangalifu mkubwa zaidi. Katika maabara ndogo ya hospitali ya kambi alipata hadubini, na damu ya wagonjwa haikukosekana. Hapo hakukuwa na karne 25 za historia za kukusanywa. Kulikuwa na tone moja na swali moja: seli nyekundu hujipangaje damu inapotembea?

Seli nyekundu ya damu ina umbo la kisahani kilichobonyea katikati. Ngozi yake ya nje ina chaji hasi, na leo tunajua kwamba chaji hiyo hutokana hasa na asidi maalumu zilizoko kwenye sukari za utando huo. Kwa kuwa chaji zinazofanana hufukuzana, seli hizo hupita bega kwa bega bila kugandana ovyo. Protini za damu zinapoongezeka kutokana na uvimbe au maambukizi, nguvu hiyo ya kufukuzana hushindwa, na seli hujipanga mfano wa sarafu zilizopangwa moja juu ya nyingine. Safu hizo huwa nzito na hutuama haraka damu inapowekwa katika neli. Madaktari hadi leo hupima kasi ya kutuama huko ili kupata dalili ya ugonjwa mwilini. Jambo hilo lilijulikana kabla ya Chizhevsky. Alichokiongeza yeye ni uchunguzi wa damu iliyomo mwendoni, pamoja na hoja kwamba nguvu za umeme na za mwendo huzipanga seli kwa utaratibu ambao haudhihiriki damu ikiwa imetulia.

Muda wake wa kifungo ulimalizika mnamo Januari 1950. Inasimuliwa kwamba aliomba aruhusiwe kubaki kambini kwa muda mfupi zaidi ili akamilishe majaribio yaliyokuwa mezani. Hakuruhusiwa kurudi Moscow, akalazimika kuishi Karaganda, ambako aliendelea kuchunguza damu hospitalini. Mkewe wa mwisho, Nina Vadimovna Engelhardt, naye alikuwa ameonja maisha ya kambini, na ndiye aliyeihifadhi miswada yake. Katika miaka hiyo ya dhiki hakuacha kuandika mashairi wala kuchora mandhari kwa rangi za maji.

Kurejea Moscow na Ujio wa Upepo wa Jua

Chizhevsky alirejea Moscow mwaka wa 1958. Mwaka uliofuata kitabu chake kuhusu mpangilio wa damu inayotembea kilichapishwa. Kwa sadfa ya ajabu, mwaka aliorejea ndio mwaka ambao mwanafizikia Eugene Parker, huko Chicago, alichapisha nadharia ya upepo wa jua. Mjerumani Ludwig Biermann alikuwa ametambua, mnamo 1951, kwamba mikia ya kometi husukumwa na chembe zitokazo juani. Parker alionyesha kwa hesabu kwamba tabaka la nje la jua lina joto jingi mno kiasi kwamba haliwezi kutulia, hivyo hutiririka nje daima. Vyombo vya Kisovieti vilizinasa chembe hizo mwaka wa 1959, na chombo cha Marekani, Mariner 2, kikazipima kwa miezi kadhaa mwaka wa 1962.

Upepo huo ni mkondo wa protoni na elektroni unaosafiri kwa kasi ya takriban kilomita 400 kwa sekunde, na huchukua kama siku nne kufika duniani. Hauipigi ngozi yetu kama kaskazi, kwa sababu uga wa sumaku wa dunia huukinga na kuupitisha kando. Milipuko mikubwa inapoufanya uwe dhoruba, athari zake huonekana wazi katika mitambo: tarehe 13 Machi 1989 dhoruba ya namna hiyo ilizima umeme katika jimbo la Quebec, nchini Kanada. Kuhusu miili, hatari iliyo dhahiri ni ya wale walio nje ya ngao hiyo. Mwezi wa Agosti 1972, baina ya safari za Apollo 16 na Apollo 17, jua lilimwaga chembe kali ambazo zingewadhuru wanaanga iwapo wangekuwa njiani kuelekea mwezini. Kwa mtu aliye ardhini, utafiti kuhusu mapigo ya moyo, shinikizo la damu na usingizi unaendelea, na matokeo yake bado hayajaafikiwa.

Kwa hivyo, njia aliyoiwaza Chizhevsky akiwa kijana ilikuwapo kweli. Chembe huondoka juani na hutufikia. Lakini kuwapo kwa njia si ithibati kwamba mzigo wote anaodaiwa kuupitisha umepita.

Chizhevsky alifariki mjini Moscow tarehe 20 Desemba 1964, akiwa na umri wa miaka 67. Kazi yake kubwa kuhusu mwangwi wa dhoruba za jua duniani ilichapishwa kwa Kirusi mnamo 1973, na nyumba aliyoishi Kaluga ikafunguliwa kuwa makumbusho mwaka wa 2010.

Hitimisho

Baada ya kifo chake, Chizhevsky amepata wafuasi wanaomchukua kama nabii. Hoja yao aghalabu ni kwamba, kwa kuwa dola dhalimu ilimfunga, alichokisema lazima kilikuwa kweli. Hoja hiyo ni pacha wa ile ya waliomfunga, kwani pande zote mbili huipima nadharia kwa kumtazama aliyeiudhi. Gereza haliwezi kuikanusha hesabu sahihi, na haliwezi kuisahihisha hesabu iliyokosewa. Aliyedhulumiwa anastahili haki yake yote, ikiwemo haki ya kusomwa kwa makini na kukosolewa bila woga.

Sisi tunaosoma fasihi tunajua mvuto wa sitiari. Jua na damu ni sitiari kongwe, na yamkini mshairi ndani ya Chizhevsky ndiye aliyeziona mbili hizo zikiitana kabla mwanasayansi hajapata kipimo. Hilo si kosa, maana maswali mengi mema huanza hivyo. Tatizo huja pale sitiari inapopewa kazi ya ushahidi. Akiwa huru, na karne 25 mbele yake, Chizhevsky aliipa kazi hiyo. Akiwa mfungwa, na tone moja la damu chini ya hadubini, alikataa kuipa. Ndiyo sababu kazi ya kambini, ambayo haitajwi sana, inafaa kusomwa kwanza na yeyote anayetaka kumjua mtu huyu.